Baba Yuko Chumba Namba Saba

Baba alikwenda Sindo kumzika rafiki yake, akatuambia atakaa siku tatu. Miezi minane baadaye alikuwa hajarudi, na marehemu Okeyo, kwa tujuavyo, alikuwa ameshazikwa siku nyingi.

Si kwamba alipotea. Kila Jumapili alipokea simu, akasema hajambo, hewa ya ziwa ni nzuri, anakaa hotelini. Hotelini! Sisi watu wa Voi tunajua hoteli ya kulala ni mahali pa kusubiria gari la asubuhi. Mtu mwenye nyumba ya vyumba vinne, watoto watatu na wajukuu saba, anakaa hotelini miezi minane kufanya nini?

Tukaitisha kikao. Kaka yangu Mghanga, ambaye ndiye mkubwa wetu, alikifungua kwa sala na kukifunga kwa hukumu. "Kuna mwanamke," alisema. Mkawasi, mdogo wetu, akaanza kulia, maana Mama alikuwa hajamaliza miaka miwili kaburini. Mimi ni wa katikati, tena mwalimu, na shule zilikuwa zimefungwa. Kwa hiyo ilionekana sina kazi. Nikapewa maagizo mawili: nimwone huyo mwanamke kwa macho yangu, kisha nimrudishe Baba nyumbani.

Niliondoka Voi Jumapili usiku. Asubuhi nilikuwa Nairobi, nikapanda basi jingine, tukapita Narok na mashamba yake ya ngano, tukapanda milima ya Kisii yenye migomba hadi barabarani, tukateremka Rongo. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia huyo mwanamke. Kufika Kisii nilikuwa nimeshamsamehe. Kufika Rongo nikawa nimeghairi.

Homa Bay nilifika saa tisa mchana. Ziwa lilikuwa kimya, limetandwa na magugu ya kijani upande wa mji utadhani mtu amelifunika lisipate vumbi. Nilimweleza dereva wa Probox kwamba nakwenda Sindo, na nikamtajia hoteli. Sitaitaja jina hapa, kwa kuwa wenyewe walinihudumia kuliko nilivyostahili. Itoshe kusema kwamba kwenye ubao wake kuna neno "Kasri".

"Unaenda kuona Saba?" dereva akaniuliza.

"Saba gani?"

"Mzee wa room saba. Ukimwona mwambie nilitengeneza hiyo mlango ya gari alikuwa anasema."

Tukafuata barabara ya Mbita, visiwa vikiwa upande mmoja na vilima upande mwingine, mimi nikiwaza. Mtu aliyejificha na mwanamke hajulikani na madereva.

Sindo tuliingia jua likiwa bado juu ya maji. Ni mji wa uvuvi. Omena, dagaa wa ziwani, walikuwa wameanikwa juu ya nyavu ufuoni kote, na harufu yao ilinipokea kabla ya mtu yeyote. Kasri lenyewe lilikuwa jengo la ghorofa moja, rangi ya waridi mbele na rangi ya saruji kwingine kote. Mapokezi alikuwapo mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, jina lake Quinter.

"Karibu, Madam. Unataka room ya kulala ama ya kupumzika kidogo?"

"Ya kulala," nilisema kwa sauti ninayoitumia darasani. "Tena namtafuta Mzee Mwadime."

"Huyo hatuna."

"Mzee kutoka Voi. Alifanya kazi ya reli."

"Aaa, Saba! Jaduong' ako huko nyuma, anagombana na tangi."

Huko Ujaluoni mzee huitwa jaduong' kwa heshima. Nilizunguka nyuma nikamkuta jaduong' wetu amesimama juu ya kreti za soda, shati amelikunja hadi viwikoni, analitukana tangi la maji kwa Kitaita. Alikuwa amenenepa. Nyumbani tulikuwa tumeshaanza kumshika mkono akipanda ngazi.

Aliponiona hakushtuka. "Umeshachukua chumba?" aliniuliza. "Usikubali cha tatu. Mlango wake haujui kufunga."

Nilipewa cha tano. Chumba kilikuwa safi, kina kitanda, chandarua chenye fundo kubwa katikati, na televisheni ambayo rimoti yake hukaa mapokezi. Bafuni palikuwa na tangazo la chapa: MAJI MOTO SAA 24. Chini yake, kwa wino wa buluu na mwandiko ninaoujua tangu utoto wangu, palikuwa pameandikwa: *Si kweli. Omba ndoo.*

Nikaomba ndoo. Ililetwa mara moja, inafuka mvuke.

Wakati wa chakula cha jioni niliona mwandiko huo huo kwenye menyu. Vyakula kumi na vinne vilikuwa vimechapwa humo. Kumi na kimoja vilikuwa vimekatwa kwa rula, vikabaki samaki wa kukaanga, samaki wa mchuzi, na ugali.

"Ulikata wewe?" nilimuuliza Baba.

"Nilichoka kuwaona wageni wakisoma habari za pilau kama hadithi."

Jumanne asubuhi Baba alipanda bodaboda akaenda soko la Kisegi kutafuta mpira wa bomba. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Quinter alikuwa akikunja mashuka. Mimi si mtu wa kuzunguka, na isitoshe nilikuwa nimeshamchunguza kwa chai mbili: alijua Baba hutaka vijiko vingapi vya sukari, hupenda kiti kipi, na akikohoa anataka nini.

"Quinter," nilisema, "wewe na baba yangu mna mambo gani?"

Aliacha shuka. "Mimi? Na Saba?"

Akamwita mpishi kutoka jikoni, akamweleza kwa Kijaluo. Mpishi, mama wa makamo, akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili ili asianguke. Walicheka mpaka nikaanza kuona aibu kwa niaba ya ukoo mzima.

"Madam, pole," Quinter alisema akijifuta macho. "Mimi niko na bwana yangu, anavua hapo tu, na huyo mmoja ananitosha na makelele."

"Na mwanamke mwingine? Wa hapa mjini?"

"Tungejua. Hapa Sindo hata ukinunua sabuni mpya watu wanauliza ulibadilisha kwa nini."

"Basi anafanya nini hapa miezi minane?"

"Analalamika," alisema. "Chai haina sukari. Shuka imekauka vibaya. Mhubiri kwa redio anapiga kelele. Wageni wengine wakilalamika, wanaenda. Yeye akilalamika, anakaa."

"Na nyinyi hamchoki?"

"Tunachoka sana! Siku ingine namwambia, Mzee, sukari imeisha, kunywa hivyo hivyo. Anakunywa."

Mchana ule nilimpigia Mghanga nikamwambia upelelezi unaendelea.

Jumatano ndiyo iliyoharibu mipango yangu yote. Saa nne likafika basi dogo na watu kumi na wawili wa semina. Kasri lina vyumba tisa. Quinter akamfuata Baba barazani.

"Jaduong', tunaomba hiyo chumba yako siku mbili. Hawa watu walilipia mapema."

"Haiwezekani. Nimekaa humo miezi minane."

"Ndio maana. Umeichosha."

"Nitahamia hoteli nyingine!"

"Ile ingine hawawezi kubali uandike kwa ukuta."

Baba alisimama. Alisema habari za haki ya mpangaji, na za stesheni moja alikowahi kugoma mwaka mzima bila kukosa kazini hata siku moja. Quinter naye, mkono kiunoni, akamkumbusha ndoo zote za maji moto tangu alipofika. Watu wa semina walisimama na mabegi yao wakisikiliza, mmoja wao akawa upande wa Baba. Ilikwenda nusu saa. Baba alishindwa. Akaenda kukusanya shuka zake, redio yake na kalamu yake, nami nikamfuata nikijua kwamba sasa Mungu amenipa ufunguo.

"Umeona, Baba?" nilisema kwa upole. "Hawa si ndugu zako. Miezi minane, na wamekutoa chumbani kama mzigo. Nyumbani nani atathubutu kukutoa chumbani mwako?"

"Hakuna," alisema. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyetoka kucheza mpira. "Nyumbani hata kugombana nami hakuna anayethubutu. Umemsikia yule dada? 'Umeichosha!'" Akacheka peke yake.

Chumba changu nacho kilichukuliwa. Tukawekwa pamoja chumba cha pili, chenye vitanda viwili vidogo. Baba alisimama mlangoni na redio kwapani.

"Unataka cha dirishani au cha ukutani?" aliniuliza.

Nina miaka arobaini na sita, nina mume na watoto watatu, na sikuweza kukumbuka lini mtu aliniuliza nataka kulala upande gani.

"Cha dirishani," nikasema.

Alhamisi, wakati wa chai, nilimuuliza bila kuzunguka kwa nini harudi. Watu wa semina walikuwa wameshaondoka kwenda mkutanoni, na ukumbini tulibaki sisi na mpishi.

Alimenya yai lake taratibu. "Baada ya mama yenu kufa mlinitunza vizuri," alisema. "Nisidanganye. Dawa kwa wakati, ugali laini, sweta nikitoka nje. Siku moja nikaenda kuchukua maji kwenye friji. Palikuwa na karatasi imebandikwa. Jumatatu, gesi. Jumanne, mbwa, sindano. Jumatano, Baba, chai bila sukari."

Nilijua karatasi hiyo. Niliipiga mistari mwenyewe, kwa rula na wino wa rangi mbili. Nilijivunia sana kazi ile. Mghanga alisema ndiyo faida ya kuwa na mwalimu katika familia.

"Ilikuwa tusisahau, Baba."

"Najua. Nami sikukasirika. Nilitaka tu kujua, baada ya mbwa, ni nani atakayeniuliza ninataka nini siku hiyo. Nikasubiri. Kisha Okeyo akafa, nikaja huku, yule dada wa mapokezi akaniuliza: Mzee, unataka chai ama uji?" Alichovya yai kwenye chumvi. "Nikasema nitafikiri. Akaniambia fikiri, niko hapa."

"Kwa hiyo hawa wanakupenda kuliko sisi?"

"Kunipenda? Jana si umeona!" alisema. "Hapana, mwanangu. Wananiuliza tu."

Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye sehemu tatu. Ilikuwa mkobani. Niliiacha humo humo, nikanywa chai yangu ambayo ilikuwa na chumvi kidogo kwa sababu ya kilichokuwa kikinidondoka puani. Mpishi alikuja na leso akaniuliza kama yai lina shida.

Saa nne Baba alinisindikiza stendi, akaninunulia samaki wa kukausha waliofungwa kwenye gazeti, akamwonyesha dereva kasoro mbili za matairi. Hatukuagana kwa maneno mengi. Alisema niwasalimie wajukuu, na kwamba Desemba atakuja Voi, siku nne, kama mgeni. "Waambie mapema kwamba sukari nakunywa," aliongeza. Daktari wake alikuwa hajakataza sukari, nikakumbuka. Tuliikataza sisi, kwa tahadhari.

Nilirudi kwa njia ya Karungu hadi Migori. Mji wa Migori una haraka: pikipiki, magari ya miwa, wafanyabiashara wa kwenda na kurudi mpakani Isebania. Basi la Nairobi lilikuwa la jioni, kwa hiyo nikaingia hoteli moja karibu na daraja. Msichana wa meza akaniuliza, "Chai ya maziwa ama ya rangi?" Nikamkawiza makusudi. Kisha akaleta ya rangi ilhali nilisema ya maziwa, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikamrudishia mtu kikombe. Aliguna, akaenda kubadilisha. Nilijisikia mrefu.

Voi nilifika Ijumaa. Mghanga na Mkawasi walikuwa wameshakaa sebuleni, Biblia mezani, chai haijaguswa.

"Haya," Mghanga alisema. "Kuna mwanamke, hakuna?"

Niliwatazama. Mkawasi alikuwa amekonda kwa wasiwasi. Mghanga, anayejifanya jiwe, alikuwa akitikisa goti. Ni watoto wema. Hakuna siku mmoja wao aliruka zamu ya Baba. Nilijaribu kupanga sentensi ya kuwaambia kwamba baba yao anakaa na watu wanaomfokea kwa kuwa hao humwuliza anataka nini, na sisi tumeshajua kila kitu. Nimefundisha insha miaka ishirini, sentensi hiyo sikuipata.

"Yuko," nikasema.

Wakashusha pumzi, wote wawili, kama watu waliotua mzigo.

"Nilisema mimi!" Mghanga akapiga paja.

"Ni mtu wa kanisa?" Mkawasi akauliza.

"Sana."

"Mjane?"

"Mjane."

Mghanga alisimama akatembea hadi dirishani. Mabega yake yalikuwa yamepanda kidogo. "Mzee bado yupo," alisema, na nikasikia fahari ndani yake. Wakakubaliana kwamba, kwa umri ule, si vizuri kumbughudhi. Apewe nafasi. Mkawasi akaanza kufikiria kitenge cha kumtumia huyo mama.

Nilichojifunza katika safari hii ni kwamba familia yangu inaweza kumsamehe Baba kwa kupenda, lakini kwa kutuchoka haiwezi. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya nyumba, nikampigia.

"Baba, nimewaambia una mwanamke."

Upande wa pili nilisikia sahani, na Quinter akimwuliza mtu kama ni samaki wa kukaanga au wa mchuzi.

"Wamelipokeaje?" Baba akauliza.

"Vizuri sana. Mkawasi anatuma kitenge."

"Sawa," alisema. "Anaitwa nani?"