Kabla Hujampeleka Lilian Kwenye Theluji

Nakumbuka wote waliokuwepo Jumapili ile juu ya mteremko unaoshuka mtoni Isiukhu. Nilikuwepo mimi, kijana wa miaka ishirini na miwili, nimeshika baiskeli. Alikuwepo Jerida, mke wangu wa miezi mitano, bado amevaa gauni la kanisani. Alikuwepo ndugu yetu Joab, na dada yetu Peris aliyekubeba mgongoni wewe, Zakayo, maana ulikuwa na miaka minne na ulikuwa umekataa kutembea. Alikuwepo Mzee Lubanga, fundi wa baiskeli, ameketi mlangoni pa kibanda chake na kikombe cha uji. Na walikuwepo vijana wanne au watano niliokuwa nakata miwa nao. Hao ndio niliotaka waone. Kwa miaka mingi nilisema wao ndio walioharibu siku ile, lakini hawakufanya kitu zaidi ya kusimama, kutazama na kucheka.

Mwanangu Zakayo, nakuita mwanangu ingawa tumetoka tumbo moja. Baba na mama walipotutoka, wewe ulikuwa bado unanyonya. Mimi nikaacha shule kidato cha pili nikashika panga. Kwa hiyo nivumilie nikikuandikia kirefu. Ulinipigia simu Jumapili iliyopita ukataka jibu la haraka, umpeleke mkeo Lilian kuteleza kwenye theluji ya mlima upi, na mimi jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na hiki kisa tu, na kisa hiki sikuweza kukisimulia Mama yako Jerida akiwa ameketi kando yangu.

Ulinionyesha milima miwili kwenye simu. Wa kwanza uko karibu na mnapoishi huko Austria, dakika arobaini kwa basi. Ni mlima mfupi, lakini una miteremko mikali, na wenzako wa kazini ndiko waendako. Ukasema theluji ya huko siku hizi haina uhakika. Mwaka mwingine inakuja, mwaka mwingine wanamwaga ya mashine, ambayo mchana inayeyuka na asubuhi inakuwa barafu ngumu. Wa pili uko mbali, saa nne kwa treni. Uko juu sana, theluji haikosi tangu Novemba hadi Aprili, na una uwanja mpana wa wanaoanza. Nikakuuliza shida yake ni nini.

"Mzee, huko ni kwa watoto," ukasema. "Nitafanya nini siku nne nikitembea kama bata?"

"Na huko karibu, theluji isipokuja?"

"Itakuja. Na we mzee, theluji umeionea wapi? Hata kwa friji hujaiona."

"Friji yetu hapa Amalemba ina theluji kuliko huo mlima wako," nikakujibu, na Mama yako akacheka mpaka akaweka chini sufuria, kwa sababu anajua tunavyoikwangua na kijiko.

Tulicheka sote. Ila Lilian hakucheka. Nilimwona nyuma yako akikunja nguo, anakunja shati moja, analikunjua, analikunja tena. Ndipo nikakumbuka mteremko wa Isiukhu.

Wakati ule Jerida alikuwa amepata kazi ya kushona sare za wanafunzi kule Mukumu. Ilikuwa afike kabla ya saa moja asubuhi. Kutoka kwetu kwa miguu ni karibu saa mbili, na nyingine mbili kurudi. Baiskeli ilikuwepo, ile kubwa nyeusi ya kiume niliyokuwa nabebea magunia. Jioni moja akaniambia, polepole, akiangalia moto, "Ungenifundisha kuendesha." Mwanamke kuendesha baiskeli kijijini kwetu halikuwa jambo la kawaida. Najua sasa lilimgharimu kiasi gani kulitamka. Mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba mke wangu amenitambua kuwa mwendeshaji.

Nami nilikuwa mwendeshaji kweli. Ule mteremko nilikuwa naushuka na gunia la mahindi nyuma bila kugusa breki mpaka darajani, na vijana wananipigia mbinja. Nikaamua tutajifunzia hapo hapo. Ulikuwa karibu na nyumbani, na nilijiambia kwamba mteremko utamsaidia kwenda bila kuchoka kukanyaga. Uwanja wa mpira wa shule ya msingi ulikuwepo, tambarare, nyasi fupi, lakini ni mwendo wa nusu saa, na Jumapili hakuna mtu wa kukutazama huko.

Nikaamua pia siku, na nikaamua saa. Wewe umekulia hapa, unajua mvua ya Kakamega. Kuanzia Machi, asubuhi jua linawaka kama halitaki mchezo, na ikifika saa nane mvua inashuka. Hata kuku wanajua saa ya kurudi ndani. Siku ile ibada ilirefuka, tukatoka saa saba na nusu, na juu ya msitu mawingu yalikuwa yameshajipanga. Jerida akayatazama. Akanitazama mimi.

"Twende tu," nikasema. "Haitanyesha."

Mzee Lubanga akasema kutoka mlangoni kwake, "Kijana, mvua inakujanga saa nane. Umesahau?"

"Tutakuwa tumemaliza, Mzee."

Matone ya kwanza yalianguka nikimpandisha Jerida juu ya kiti, gauni amelikusanya kwa mkono mmoja. Miguu yake haikufika chini. Ule udongo wetu mwekundu ukilowa juu tu, kabla maji hayajaingia ndani, ndipo unapoteleza vibaya zaidi. Nilishika keria nikakimbia naye hatua kumi. Mmoja wa wale vijana akapiga kelele, "Mwachilie! Au unaogopa bibi atakushinda?" Wakacheka. Nami nikaachilia.

Sitakueleza yote. Alikwenda vizuri kwa muda mfupi tu, mgongo umenyooka, na kwa muda huo nilijivuna. Kisha gurudumu la mbele likatafuta njia yake lenyewe. Hakujua breki iko wapi, kwa sababu sikuwa nimemwonyesha. Alianguka kwenye mtaro wa upande wa chini, baiskeli juu yake, na mkono wa kulia ukavunjika pale kwenye kifundo. Peris alilia. Wewe ulilia kwa sababu Peris alilia. Wale vijana waliondoka mmoja mmoja kwa kisingizio cha mvua.

Jerida hakulia. Aliketi kwenye matope, ameshika mkono wake kama mtu aliyebeba kitu cha mtu mwingine, na nikamwambia mbele ya wote waliobaki, "Nitakufundisha tena. Mahali pazuri. Pole." Akajibu, "Sawa."

Kesho yake nilipeleka baiskeli kwa Mzee Lubanga, maana rimu ilikuwa imepinda. Nilitegemea anikemee. Yeye aliigeuza baiskeli juu chini, akazungusha gurudumu, akawa anakaza spoki moja moja. Baadaye akauliza bila kuinua macho:

"Huo mteremko aliuchagua nani?"

"Mimi, Mzee."

"Na yeye alisemaje?"

"Hakusema kitu."

"Ulimuuliza?"

Akazungusha gurudumu tena, akalitazama linavyoyumba.

"Wewe mwenyewe ulijifunzia wapi?"

Nilijifunzia kwenye uwanja wa shule. Baba alinipeleka asubuhi, kabla jua halijawa kali, ardhi kavu, akashikilia kiti kwa nyuma wiki nzima. Kila nikimwambia aachilie alisema ataachilia nikitaka mimi, si akichoka yeye. Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimezika kumbukumbu hiyo pamoja naye, kwa sababu kuikumbuka kulikuwa kunauma.

"Nilikuwa nawaonanga wewe na baba yako mkipita hapa," Mzee Lubanga akasema. "Yule hakuwa anaharakisha mtu." Kisha akaongeza, na hapo ndipo aliponitazama, "Ndugu zako walikuwa wadogo. Ilibidi uwaamulie, na uliwaamulia vizuri, kijiji kizima kinajua. Lakini Jerida si mdogo wako. Ni mke wako. Yeye unamuuliza."

Hilo ndilo kosa langu lote. Tangu nikiwa na miaka kumi na minane nilikuwa naamua nani ale sehemu gani ya kuku, nani aende shule, nani abaki na wewe. Sikupata mtu wa kumuuliza, nikapoteza desturi ya kuuliza. Mtu anaweza kufanya hivyo kwa mapenzi kabisa. Na nadhani wewe, niliyekulea, umeichukua tabia hiyo kwangu, kama ulivyochukua mwendo wangu.

Mkono wa Jerida ulipona baada ya miezi miwili, ingawa mvua ikikaribia hadi leo anausugua. Ile kazi ya Mukumu walimwekea. Alikwenda kwa miguu, miaka kumi na mmoja. Kiangazi na masika, na mimba, na mtoto mgongoni. Mara kadhaa nilimwambia apande nimpeleke kwenye keria. Alipanda. Lakini usukani hakuugusa tena, wala mimi sikuitimiza ile ahadi.

Kwa hiyo nakujibu sasa, kwa utaratibu. Kwanza muulize Lilian kama anataka kuteleza kwenye theluji au anataka tu kuiona na kupiga picha za kumtumia mama yake. Muulize mkiwa wawili, simu imezimwa, na usimjibie. Akikunja shati moja mara tatu, hilo ni jibu, subiri aligeuze kuwa maneno.

Akisema anataka, mpeleke kule juu, mbali, kwenye theluji ya uhakika. Usimwekee siku yake ya kwanza juu ya kitu ambacho huenda kikaja na huenda kisije. Wewe ukikuta barafu ngumu utajua la kufanya na miguu yako. Yeye atadhani mchezo wenyewe ndio ulivyo, na atadhani kosa ni lake. Lakini hata huko juu, uliza vizuri kabla ya kulipa nafasi. Ukiambiwa theluji haikosi, uliza haikosi wapi, kule kileleni mnakokwenda nyinyi mnaojua, au pale pale watakaposimama wanaoanza? Maana kama uwanja wao uko chini bondeni penye matope, hiyo theluji ya kileleni ni ya kutazama tu. Uliza kama anaweza kurudi chini kwa kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya, akichoka, bila kulazimika kuteremka kwa miguu inayotetemeka. Uliza kama kuna mahali pa joto pa kukaa na chai. Na umlipie mwalimu. Usimfundishe wewe. Wewe ukae pale anapoweza kukuona, na wenzako wa kazini uwaache kwenye mlima wao.

Siku nne utatembea kama bata. Tembea. Bata wawili hawachekani. Siku nne ni chache sana, mwanangu. Mimi ningetoa mengi kupata asubuhi moja ya Machi, saa tatu, ardhi kavu, kwenye uwanja wa shule.

Na sasa jambo ambalo hulijui. Ulipokata simu Jumapili iliyopita, Mama yako alirudi kwenye sufuria yake, akakoroga, akasema kama mtu anayezungumza na ugali, "Mwambie asimpandishe mahali miguu haifiki chini." Miaka thelathini na miwili hatujawahi kuitaja siku ile. Nikamwambia, "Jerida, nilikuahidi." Akasema, "Najua. Mimi ndiye niliyesema sawa."

Jumatatu nilikwenda mpaka ile shule. Uwanja bado upo, wamekata nyasi. Nimeazima baiskeli ya mwalimu mmoja wa kike, ile isiyo na mtaimbo wa juu, nikashusha kiti mpaka mwisho. Imeegemea ukuta wa jikoni tangu juzi. Jerida ameipita mara nyingi akienda kuchota maji, na jana niliona ameifuta vumbi kwenye usukani kwa pembe ya leso. Nilimuuliza kama angependa twende Jumamosi asubuhi. Akasema atafikiria. Sikumharakisha.

Mungu awatangulie wewe na Lilian huko kwenye baridi. Awape ardhi isiyowasaliti, na awape subira ya Baba, ambaye hukumjua na ambaye nimechelewa kukusimulia. Kila mnachokwenda kujifunza mkijifunze mkitazamana.

Mimi bado nadaiwa. Kiti kimeshushwa, na jibu sijapata.