Soketi za Kabati la Kioo

Siku yangu ya kwanza katika gereji ile ya Westlands, Formani, msimamizi wa mafundi, alinipa vitu viwili: ovaroli ya mtu mnene kuliko mimi, na onyo. "Fundi, spana ziko kwa ukuta. Zile za kabati usiguse."

Kabati lenyewe lilikuwa mapokezi, la kioo, na ndani yake seti ya soketi nyeusi, vile vikombe vya chuma vya kufungulia nati, zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Mbele yake kulikuwa na kochi. Matajiri wa Spring Valley na Kileleshwa walikaa pale wakinywa chai yetu na kuvutiwa na vifaa ambavyo havingegusa gari zao hata siku moja.

Mwanzoni mwa miaka hiyo ya elfu mbili nilikuwa nimetoka Grogan, huko mjini chini, mahali ambapo unafungua injini juani na mwenye gari amekusimamia kichwani. Nilikuja na vifaa vyangu. Viliishia getini. Hakuna fundi aliyeruhusiwa kuingia na vyake, eti asije akatoka na vya kampuni. Kwa hiyo tulibaki na spana za ukutani, kuukuu, nami nilizihesabu mara mbili kila jioni kwa mazoea tu, maana hata mwizi angezirudisha.

Nyinyi vijana mnaotumia mashine za upepo hebu sikilizeni. Nati iliyoshikwa na kutu haitaki misuli, inataka kushikwa vizuri. Spana ya mdomo wazi inashika pande mbili tu. Hiyo ni ya nati iliyokwisha kulegea. Ring, spana ya mdomo wa duara, inaizunguka nati yote, lakini zetu zilikuwa za pembe kumi na mbili, na pembe zenyewe zimelika. Zinagusa kona tu. Ukiongeza nguvu, kona zinaisha na nati inabaki mviringo kama njugu. Soketi ya pembe sita ndiyo inayokumbatia ubapa wa nati. Unasugua nyuzi za bolti kwa brashi ya waya, unamwagia mafuta ya kupenya kutu, unaenda kunywa chai. Ukirudi unaigonga kwa nyundo, unaikaza kidogo sana ili kutu ivunjike, ndipo unaifungua. Na mpini unauvuta kuja kwako. Ukisukuma, siku spana ikiteleza, mkono wako ndio utakaokuwa breki.

Meneja wa Gereji alijua haya yote. Alikuwa fundi miaka mingi kabla ya kuvaa tai, na kucha zake bado zilikuwa na mstari wa grisi. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Asiyejua unamfundisha. Huyu ungemfundisha nini?

Asubuhi moja ikaletwa pikapu ya mfanyabiashara wa Mountain View, msambazaji wa mikate. Springi ya nyuma ilikuwa imevunjika jani moja la chuma, na nati za zile bolti za umbo la U, zinazobana springi kwenye ekseli, zilikuwa zimevaa kutu kama magome. Kazi alipewa Wekesa, mwenzangu kutoka Bungoma. Mkono wake wa kulia ndio uliomleta Nairobi, na ndio uliolisha watoto wake.

"Mzee Kamau," akaniita akiwa chini ya gari, "hii ring inakula nati. Nikitia nguvu inaruka."

Nikaenda kwa Meneja. "Bosi, nipe ile seti ya kabati."

"Hizo ni za wateja kuona."

"Basi nipe moja. Zingine zibaki zikionekana."

"Ikitoka moja, wataona pengo."

"Basi dakika kumi, na wewe usimame hapo uihesabu ikitoka na ikirudi."

"Kamau, hapa si soko la Gikomba. Mwambie Wekesa aongeze paipu."

Kuongeza paipu ni kuchomeka bomba kwenye mpini wa spana ili urefuke. Nguvu inaongezeka, na kishindo cha kuteleza pia. Wekesa hakuwa na nafasi ya kuvuta kule chini, chesi, ile fremu ya gari, ilimzuia, kwa hiyo alisukuma. Tukasikia mlio mmoja wa chuma. Kisha akasema polepole, "Mzee, nimeumia." Mkono wa kulia ulikuwa umegonga ukingo wa chesi. Baadaye hospitalini walisema kano za vidole vitatu zimekatika.

Formani alipoondoka naye, Meneja akatukusanya. "Huu ni uzembe. Nani alimfunza kusukuma spana?"

"Wewe ulisema paipu," nikamwambia.

"Nilisema paipu. Sikusema asukume."

"Na hapo chini avute akitokea wapi?"

Nikaweka spana yangu chini. Wenzangu wakaweka zao. "Nati bado iko, bosi. Vaa ovaroli yangu, itakutosha kuliko inavyonitosha mimi. Shika hiyo ring, uingie, utuonyeshe."

Hapo mwenye pikapu akatokea mapokezi na kikombe chake. "Mikate yangu inakauka. Kwani soketi za hapo mbele ni maua?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Meneja muda wote. Aliutoa papo hapo. Mkono wa mtu ulikuwa umepasuka na kabati likabaki limefungwa. Lilifunguliwa kwa ajili ya mikate. Nilimwaga mafuta, nikasubiri, nikaugeuzia mpini wa soketi upande wenye nafasi, nikavuta. Nati ikalia kidogo, ikaja.

Soketi hizo hatukuzirudisha. Kila zilipoulizwa, zilikuwa "bado ziko kwa gari." Wekesa alirudi vidole vikiwa havikunjiki, akaambiwa gereji haina kazi ya mkono mmoja. Meneja alipandishwa cheo.

Nami nimestaafu. Wekesa anauza mayai ya kuchemsha Kangemi, anayamenya kwa mkono wa kushoto. Kijana, ukinyimwa kifaa kinachofaa, weka chini kile kisichofaa. Utafokewa, labda utafukuzwa, lakini utafika nyumbani mzima. Mchungaji wetu huniambia nimsamehe yule Meneja. Nimemjibu kwamba nitaanza siku Wekesa atakaponipa mkono wa kulia, nao ukaushika wangu.