Siku Waliyoniacha Nilale

Naitwa Ndunge, lakini hapa mtaa wa Baba Dogo wengi wananijua kama Mama Mwende, fundi wa sare za shule. Naongea sana, mnivumilie. Mwaka jana nilikaribia kunyamaza kabisa, kwa hivyo acheni niseme.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa usiku. Ilianza kwa sababu ya kazi. Shule zikikaribia kufunguliwa, wazazi wote hukumbuka sare siku za mwisho, na siku hizo zote hunikuta mimi. Mchana ploti yetu ya vyumba vya kupanga ni kelele tupu, usiku inapoa. Nikawa nashona mpaka saa tisa, saa kumi. Shule zikafunguliwa, sare zikaisha, nami nikaendelea kukesha. Nilikuwa nimenogewa. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la nyuzi, filamu inaendelea, soda iko pembeni na nusu mkate. Nani angenitoa hapo? Nililala alfajiri, nikaamka saa sita mchana nimevimba uso na nimenuna.

Mume wangu, Musyoka, ni dereva wa lori. Hakunigombeza hata siku moja. Badala yake alinitungia sheria. Akitoka asubuhi alifunga leso yangu kuukuu kwenye komeo la nje la mlango. Leso ikiwepo, Mama Mwende amelala, hakuna kubisha. Ploti nzima ikaishika sheria hiyo. Binti yetu Mwende, aliye sekondari, alizoea kuvaa gizani ili asiwashe taa. Watoto wa jirani walicheza mbali na dirisha letu. Nilijiona malkia, na kusema kweli nilipendwa.

Aliyeikataa sheria ni mmoja tu, Mama Wambui wa mlango wa pili. Yeye huuza mboga getini. Alfajiri yuko soko la Muthurwa kununua, na saa tatu ameshapanga sukuma wiki zake. Siku moja aliniambia mbele ya watu, "Wewe unalala ni kama umeajiriwa kulala." Tulinuniana karibu mwezi mzima.

Ugonjwa ulikuja polepole. Kwanza kiu. Nilikunywa maji hadi tumbo likacheza, na kwa usiku mmoja nilienda choo cha nje mara tano au sita. Kisha kuwashwa, tena kule ambako mtu hawezi kujikuna mbele za watu. Kisha uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Nikasema ni uzee, na nina miaka arobaini na mitatu tu. Halafu nikasinzia mashine ikizunguka, sindano ikapita katikati ya ukucha. Kidonda hakikupona. Kilitoa usaha wiki tatu, kikanuka, nikawa nakificha mfukoni wateja wasikione.

Musyoka akanipeleka kliniki, amenishika ule mkono mzima kama mtoto anayepelekwa chanjo. Wakapima damu. Daktari, msichana mpole ambaye ningeweza kumzaa, akasema, "Mama, sukari yako iko juu sana. Kwenu kuna mwenye sukari?"

"Mama yangu alikuwa nayo."

Akaniuliza ninavyokula na ninavyolala. Nilipomaliza kueleza, nikamuuliza kama kukesha ndiko kumeniletea.

"Siwezi kusema ni kukesha peke yake," akanijibu. "Sukari iko kwenu. Lakini unakula mkate na soda usiku, unakaa tu, usingizi hautoshi, asubuhi huli. Hayo yote yameusaidia ugonjwa. Rudisha usingizi wako usiku."

Akaniandikia vidonge. Kimoja asubuhi pamoja na chakula.

Hapa ndipo nilipokosea, nisikilizeni vizuri. Soda niliacha. Mkate wa usiku niliacha. Kidole kikaanza kukauka. Lakini kukesha sikuacha, maana kulikuwa na sweta za shule fulani za kumalizia. Na kile kidonge cha asubuhi? Asubuhi yangu mimi ilikuwa saa kumi na moja, nikienda kulala. Nikawa nakimeza kwa maji matupu, nalala, chakula nitakula nikiamka. Nilijiona mgonjwa mtiifu sana. Sikujua kuwa kidonge kile hushusha sukari ule usile.

Yanayofuata nilisimuliwa, kwa sababu siku hiyo mimi sikuwepo, ingawa nilikuwa kitandani.

Ilikuwa siku ya maji. Kwetu mfereji hutoa maji mara mbili kwa wiki, na yakija kila mtu hukimbia na mitungi. Saa nne asubuhi yakaja. Wanawake wakapanga foleni. Mama Wambui akaona mitungi yangu mitupu, akaja mlangoni kwangu.

"Mama Mwende! Maji yamekuja! Amka bana, yataenda!"

Wenzake wakamwambia, "Si umwache? Huoni leso?"

"Kwani leso ndiyo itamjazia mitungi?"

Akagonga mlango kwa ngumi. Akaweka sikio dirishani, akanisikia nakoroma vibaya, kama mtu anayesongwa. Akafungua mlango, akaingia. Godoro lilikuwa limelowa jasho na mkojo. Macho yangu yalikuwa nusu wazi na mate yananitoka. Alinitingisha, alinifinya, nikakaa vile vile.

Mmoja akasema ni mapepo, tuombe. Mama Wambui akamjibu, "Ombeni mkitafuta gari!" Alikuwa ameona vidonge juu ya mashine, na marehemu mama yake alitumia vya namna hiyo. Akanilaza ubavu. Mwingine akaleta kikombe cha maji ya sukari anipe ninywe, Mama Wambui akakisukuma. "Huyu hajijui, atameza aje? Utamsonga!" Akalowesha sukari kidogo kwenye kidole chake, akanipaka ndani ya shavu, taratibu, tena na tena, mpaka gari likapatikana.

Hospitalini walikuta sukari imeshuka mno, wakaniwekea dripu ya glukosi. Cha kwanza kukisikia duniani, baada ya huko nilikokuwa, ni sauti ya Mama Wambui ikimwambia nesi, "Na mitungi yake nimeacha imejazwa." Nikalia. Akanifuta kamasi kwa kona ya kitenge chake, akaniambia ninyamaze, nimemharibia biashara ya siku nzima.

Daktari wa zamu hakunibembeleza. "Ungeachwa ulale saa mbili zaidi, sasa ningekuwa naongea na mume wako tu."

Musyoka alifika jioni na nguo za kazi. Akaketi, akaniangalia miguu. Hakuweza kuniangalia usoni.

"Saa mbili nikitoka nilikugusa shingo," akasema. "Ulikuwa umelowa. Nikafikiri ni joto, nikakutolea blanketi. Nilibeba viatu mkononi, Ndunge. Nikavivalia nje, nisikuamshe."

Nilimpenda mume wangu siku ile kuliko siku ya harusi yetu, na nilimhurumia. Nikamwambia kosa ni langu. Hakuamini, na mpaka leo nadhani haamini vizuri.

Nilibadilishiwa dawa, nikaelekezwa upya, na safari hii niliuliza maswali mpaka nesi akacheka. Sasa saa tatu na nusu usiku mashine inafunikwa. Wiki tatu za kwanza nilikodolea dari macho, mkono ukiitafuta simu. Saa kumi na mbili naamka, napima sukari, nakula uji na yai, nameza dawa. Kidole kimepona, kimebaki na kovu na ukucha uliopinda. Wateja wawili walinihama, wengine wakajifunza kuleta vitambaa mapema. Na siku za maji naamka kabla ya Mama Wambui, jambo linalomuudhi sana.

Namshukuru Mungu, na namshukuru jirani asiyejua kunong'ona. Wewe unayekesha, sikutishi. Kuna wanaofanya kazi usiku na wanajitunza. Lakini lala usingizi wa kutosha, na kama unatumia dawa, mweleze daktari ukweli kuhusu saa zako, usimfichie kama mimi nilivyowaficha wateja kidole. Na wewe unayempenda mgonjwa wa sukari, ukimkuta amelala kupita kawaida, amelowa jasho, usimwonee huruma ukamwacha. Mwamshe. Asipoamka, piga kelele, tafuta gari. Akiamka akikutukana, mpe chai yenye sukari.