Panya wa Godoro la Roda

Siku niliyonunua sumu ya panya na panya mwenyewe hayupo, mwanangu, naikumbuka mpaka leo, na nikiikumbuka nacheka peke yangu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nachuna ng'ombe machinjioni Vingunguti, na nilikuwa nimemchukua mdogo wangu Roda kutoka Singida aje amalizie shule hapa mjini. Tulikaa chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia. Upande wake kulikuwa na godoro la sponji, na godoro hilo lilikuwa likiliwa. Kila mwezi kona inapungua. Nikasema hawa ni panya, nikatega mtego, sikunasa kitu, nikatega tena. Sikuwa mjinga sana, ila mambo ya wasichana hakuna mtu aliyewahi kunifundisha.

Basi siku moja kabla ya mtihani wa darasa la saba nilirudi kutoka kazini mchana, nikamkuta Roda amejilaza. Nikamuuliza kama ni malaria.

"Kaka, kesho siendi," akasema, uso kaugeuzia ukutani. "Niko kwenye siku zangu. Mwezi uliopita nilichafua sketi, darasa zima likanicheka. Na huyo panya unayemtega ni mie. Nakata sponji nijisitiri."

Niliumia sana. Hela ya pedi nilikuwa nayo mfukoni. Mtoto aliona aibu kuniomba, na mimi sikuwa na akili ya kuuliza, sasa mtihani wa miaka saba unataka kumponyoka. Nikamwambia anisubiri.

Dukani kwa Mangi benchi lilikuwa limejaa watu. Nilipofika mbele ulimi ukawa mzito, nikaomba kiberiti. Nikazunguka nyumba, nikarudi, nikaomba wembe. Mara ya tatu nikaomba sumu ya panya.

Mzee Shomari, aliyenifundisha kuchuna, alikuwa kwenye benchi lile na kahawa yake, akiniangalia ninavyokwenda na kurudi. Akaniita pembeni, akaniuliza nina nini. Nikamnong'oneza yote. Akayatazama mabuti yangu.

"Yona, umetoka machinjioni umeloa damu ya ng'ombe mpaka magotini," akasema. "Umekatiza mtaa mzima, na watu unawasalimia. Damu ya mdogo wako ndo inakutoa jasho?"

Mzee akarudi mbele ya duka, akaiweka kofia yake sawa, akaagiza kama anayeagiza sukari: "Mangi, tupe pedi pakiti mbili. Na hilo gazeti la kufungia baki nalo."

Watu wakageuka kututazama. Kisha mama mmoja muuza vitumbua akasema, "Mzee, pita na kwangu ukamfundishe baba watoto," na benchi zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, na aibu ikaniishia palepale. Pakiti zile nilizibeba mkononi mpaka nyumbani.

Asubuhi mimi mwenyewe nilimpigia Roda pasi sare yake. Alifanya mtihani wote, akafaulu, na leo ni mwalimu kule Wazo.

Ila raha yangu kubwa ilikuja siku ya sendofu yake, ile sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, ukumbini Kawe. Mshereheshaji alimwambia amshukuru aliyemlea. Mara wakaingia kina mama wanacheza, wamejitwika godoro jipya, nene, bado limo kwenye nailoni yake.

"Kaka, panya karudisha," Roda akasema kwenye maiki.

Wageni hawakuelewa mpaka alipowasimulia kisa chote, mbele ya wakwe, bila kupunguza sauti. Vigelegele vilipigwa. Mzee Shomari, wakati huo anatembelea mkongojo, aliinuka akacheza nao. Mimi nililia huku nacheka.

Sasa mwanangu, una dada, na kesho utakuwa na mke na mabinti. Usisubiri kuombwa. Pedi iwe kwenye orodha moja na sabuni na chumvi, na uiagize kwa sauti ileile. Ukimkuta mwenzako anamcheka binti aliyechafua sketi, mnyamazishe, kisha mpe yule binti shati lako ajifunge kiunoni. Mungu akujalie mabinti wengi, na nyumbani kwako kila godoro lizeeke likiwa na kona zake zote nne.