Barafu ya Zuhura

Kosa langu la kwanza chekechea lilikuwa kuivua nguo barafu ya mwenzangu.

Juzi nilimwona muuza samaki Kunduchi akifunika barafu kwa gunia, nikacheka peke yangu. Siku ile ya chekechea, darasa letu la Goba lilinukia chaki na uji wa moto. Mwalimu alitupa kila mmoja donge la barafu tulifunge kwa kipande cha kanga. Ambaye angebaki na donge lake hadi saa ya kwenda nyumbani angemwonyesha mama yake. Pia alituagiza kila mtu amtendee mwenzake jambo jema.

Mie nilitaka kufanya yote mawili bila kukosea. Nilijua kanga inatia joto. Basi wenzangu walipotoka kunywa uji, nikalifungua donge la Zuhura, rafiki yangu, lipate hewa, kisha nikawafuata. Langu sikuligusa, kwa kuwa wema ni wa kumtendea mwenzako.

Tuliporudi, langu lilikuwa zima. La Zuhura lilikuwa maji matupu, naye akaanza kulia.

"Ni mie," nikasema. "Niliona linapata joto."

"We Juma, kwani barafu inaumwa homa?" Zuhura akasema. "Umeiua."

Nikampa langu. Saa ya kutoka alikimbia nalo getini kwa mama yake, maji yakimchuruzika hadi viwikoni, darasa zima nyuma yake, nami nikipiga kelele kuliko wote.

Bado naogopa sana kukosea. Ila siku hizi, kabla ya kumsaidia mtu, namuuliza kwanza.