Kutoka Madale Kufuata Kijiko Temeke

Kwa miezi minne nilikuwa mchamungu wa uongo. Baridi yabisi ilikuwa imenikaza vidole hata nikashindwa kukusanya tonge la wali, na kila nilipokaribishwa kwenye sinia nilisema nimefunga. Pale mtaani Madale wakaanza kuniita Shehe. Lakini Jumamosi wakwe watarajiwa wa binti yangu Salma walikuwa waje kuleta posa.

"Jumamosi hakuna funga ya sunna, Baba Salma," mke wangu alisema akinifungia vifungo vya shati. "Safari hii utasema nini?"

Alhamisi, saa mbili asubuhi, nikapanda bajaji kwenda Temeke kwa mtaalamu anayewafundisha wagonjwa kama mimi kufanya upya kazi za mikono. Foleni ilipotukamata Mwenge, nikala maandazi mawili, peke yangu kiti cha nyuma, raha tupu.

Saa tano nikafika. Mtaalamu mwenyewe, Sista Neema, mama wa Kinyakyusa asiye na haraka, alinitazama nikipigana na kitasa cha mlango wake, akaandika. Kisha akaniwekea ugali na maharage, aone ninavyokula. Mdomo ukanitangulia: nimefunga.

Akanitazama kidevuni. "Mzee, hayo makombo ya andazi ndevuni ni ya daku?"

Nikapangusa ndevu kwa kiganja. Nikala, ugali ukidondoka mapajani. Hakucheka. Alizungushia sponji mpini wa kijiko mpaka ukanenepa kama muhogo, akanifundisha kuushika kwa kiganja kizima, na kupumzika kabla maumivu hayajaniamuru. Nikauliza kama vidole vitanyooka. Akasema hawezi kuniahidi. Dawa za daktari niendelee nazo, kazi yake yeye ni mie nile.

"Kijiko ushapata," alisema akiniaga. "Kukitoa mbele za watu, hilo siwezi kukufundisha."

Jioni nikarudi Madale, mfuko wa shati umetuna.

Jumamosi, baada ya adhuhuri, sinia la biriani likawekwa, wanaume wanne tukalizunguka. Nikakitoa kijiko. Mzee Hamoud, baba wa kijana, akaacha kula.

"Mkono unauma?"

Nikasema unauma, na kwamba sijafunga tangu Ramadhani.

Akashusha pumzi. "Kila tulipokualika kula tuliambiwa umefunga. Nikajua hututaki. Leo nimekuja unikatalie mwenyewe, kijana wangu aache kungoja."

Miezi minne nilidhani naficha vidole. Kumbe nilikuwa namfukuza mume wa mwanangu. Mzee Hamoud akanisogezea mnofu. Ulinitoka kijikoni mara mbili. Mara ya tatu akauzuia kwa kidole chake mpaka nikauchota, kisha akauliza ndoa tuiweke mwezi gani.