Yai la Paluku

Siku ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, ni ile nilipoinua koti la marehemu mume wangu juu ya tundu la kasuku, nikakuta yai.

Kasuku huyo mume wangu alimleta kutoka Beni, katika safari zake za biashara. Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa, na mvulana wa kwanza ni Paluku. Sisi tulikuwa hatujapata mtoto. Mume wangu akaona kifua kipana na kelele nyingi, akasema huyu ni dume. Nani angembishia? Kasuku wa kijivu, jike na dume ukiwaweka pamoja huwatambui. Basi akawa Paluku, na akajifunza sauti ya baba yake. "Kavira, chai iko wapi?" Nami naitika, sijui nani kaniita.

Mume wangu akafa kwa homa, mimi nikiwa bado kijana. Matanga yakaisha, ndugu wakarudi Butembo, nikabaki na ile sauti tu. Kisha nayo ikanyamaza. Paluku akajikunja chini ndani ya tundu, hataki karanga, hataki mtu. Nikasema, naye anamlilia baba yake. Nikamfunika kwa koti la marehemu apate harufu yake, nikafunga dirisha, tukakaa gizani wawili. Nilifarijika, nisikufiche. Nyumba zetu za mtaa wa Ndosho ni za mbao, kwa hiyo nililia nimebana mdomo, jirani asisikie.

Jirani huyo, Mama Furaha, mtu wa Bukavu, alipita akauliza, "Kasuku yenu iko na nini?"

"Mumuache, Mama. Iko analia bwana yangu."

Siku ile nikainua koti: kumbe Paluku alikuwa anatafuta giza la kutagia! Alichana bitana ya koti akajitandikia, na juu yake yai jeupe. Moyo uliniuma sana. Nilidhani tuko wawili kwenye kilio, kumbe nilikuwa peke yangu tangu mwanzo.

Nikaondoa koti, nikamrudisha dirishani, akaanza kula. Nikawa nangoja sauti ya mume wangu. Asubuhi moja nafagia, Mama Furaha akagonga mlango kwa ngumi.

"Mama Kavira, mufungue! Nasikia munalia sana!"

Nilimfungulia macho makavu, ufagio mkononi. Nyuma yangu kilio kikaendelea. Kilikuwa kilio changu mwenyewe, kile cha gizani, ila ndege hakubana mdomo. Mama Furaha akatazama tundu, akanitazama mimi.

"Kumbe ni vile munaliaka? Na miye niko hapa tu!"

Nikasogea, nikampisha. Akaingia, akawasha makaa, akaweka chai. Hapo ndipo nililia kwa sauti.

Sauti ya mume wangu haikurudi tena. Ndege nikamwita Masika, jina la binti wa kwanza, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa siku zote.

Mwanangu, usimvike mwenzako huzuni yako ukadhani umemjua. Mtazame yeye alivyo. Na ukifiwa, usilie kimyakimya kwa kuona haya. Mimi, kama si ndege asiyejua haya, ningekufa na upweke wangu, na mtu anayenipenda yuko nyuma ya ubao mmoja. Mungu akupe wa kukugongea mlango, mwanangu, na akupe nguvu ya kuufungua.